Sola inazima saa mbili usiku: pima kabla hujanunua betri

Simu ya namna hii huja karibu kila wiki, na maneno hayabadiliki sana. Ya mwisho ilitoka kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, hapa Pangani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, betri imekufa. Taarifa ya habari haijafika kwenye michezo, nyumba giza. Nitajie bei ya betri mpya nimtume kijana mjini."

Nikamwomba asimtume kijana kwanza. Kesho yake nilivuka kwa kivuko hadi Bweni, nikapima, nikakuta betri yake ya ampea-saa 100 (ndicho kipimo cha ukubwa wa betri) haina ugonjwa wowote. Ila mnazi uliokuwa mfupi paneli ilipofungwa sasa umerefuka, na kuanzia saa saba mchana kuti lake moja lilikuwa linatupa kivuli kwenye kona ya paneli. Kuti moja tu. Tulilikata, na Jumamosi ile mzee aliangalia mpira mpaka filimbi ya mwisho.

Betri husingiziwa sana. Taa zikizimika macho yote huenda kwake, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayoonekana kuishiwa. Lakini betri haizalishi umeme. Inatunza ulicholetewa na paneli na kutoa unachodai. Ukibadilisha ghala wakati shamba halizai, mwakani utalia tena, na safari hii una deni.

Unachohitaji ni multimita ya bei ya kawaida, futi kamba, kitambaa safi na daftari. Maelezo haya ni ya mfumo mdogo wa volti 12, paneli moja au mbili. Kama wako ni wa volti 48, au paneli zimeungwa mfululizo hadi volti zikapita 60, usifungue kitu: umeme wa moja kwa moja (DC) ukianza kuruka cheche haukatiki kirahisi kama ule wa ukutani, na unaunguza nyama.

Swali la kwanza: jioni betri imejaa au haijajaa?

Swali hili hugawa kazi mara mbili na kukuokolea siku nzima. Siku yenye jua, angalia volti kwenye ncha za betri kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) ikiwa inachaji. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, ikiwa inakaribia kujaa itapanda hadi volti 14.4 hivi, ikae hapo, kisha kontrola iishushe hadi 13.6 au 13.8 kuitunza. Ikifika huko, paneli imefanya kazi yake. Ikiwa alasiri yote imeganda kwenye 13.1 na haisogei, mapato hayatoshi, au kuna kitu kimekunywa umeme mchana kutwa.

Kisha pima alfajiri kabla jua halijachomoza, kila kitu kikiwa kimezimwa tangu usiku. Betri iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu na nusu, 11.8 haina kitu. Andika. Usipime mara tu baada ya kuchaji ukafurahia 13.2, maana hiyo ni chaji ya juu juu tu, huondoka ndani ya saa chache kama povu la chai.

Jioni haijajaa: anza juani, si ndani

Paneli ya kawaida ya wati 100 ina seli 36 za silikoni zilizoungwa mfululizo, kila moja ikitoa zaidi kidogo ya nusu volti. Mwanga ukigonga silikoni, kila chembe ya mwanga yenye nguvu ya kutosha hung'oa elektroni moja kutoka mahali pake, na uga wa umeme uliojengwa ndani ya seli huisukuma upande mmoja. Volti za seli hujumlishwa, lakini mkondo ni mmoja unaopita kwa zote. Fikiria watu 36 wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto: mmoja akisinzia, mstari wote unamsubiri. Seli moja ikifunikwa na kuti, mkondo wa zote hushuka hadi ule mdogo anaoumudu huyo mmoja.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana katika kile kisanduku cheusi nyuma ya paneli kuna dayodi, mara nyingi mbili, ambazo hufungua njia ya mkato kuruka nusu yenye kivuli. Kwa mfumo wa volti 12 mkato huo hausaidii sana: nusu iliyobaki hutoa volti 9 tu, na volti 9 haziwezi kusukuma umeme kuingia kwenye betri yenye 12. Ndiyo sababu kivuli cha kona kinaweza kuua karibu mavuno yote. Watu hukadiria kwa macho, "kimefunika sehemu ndogo tu," na macho hayajui hesabu hii.

Kwa hiyo simama karibu na paneli saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa. Tazama waya wa nguo, nguzo ya antena, tangi la maji la jirani, kinyesi cha kunguru. Kinyesi kikavu ni kivuli kisichohama. Safisha asubuhi kwa maji na kitambaa. Usimwage maji baridi kwenye kioo kilichochomwa na jua la saa saba.

Kama hakuna kivuli, pima paneli yenyewe. Itenganishe na kontrola, elekeza multimita kwenye volti za DC, jua likiwa kali. Paneli ya seli 36 inapaswa kusoma kama volti 20 hadi 22. Ukipata sifuri, kuna konekta iliyoachia au waya uliokatika. Sisi wa pwani tuanze na konekta, kwa sababu hewa ya chumvi huingia taratibu na kuacha unga wa kijani kwenye shaba. Ukipata kama nusu, volti 10 au 11, dayodi moja imekufa kwa kushika shoti, labda tangu radi ya masika. Dayodi ni ya bei ndogo, na fundi anayejua kuchomelea risasi ataibadilisha kama kisanduku kinafunguka.

Hapa ndipo wengi huishia. Wanaona 21, wanasema paneli nzima. Volti hizo hudanganya! Hata siku ya mawingu mazito paneli itaonyesha volti 19 au 20, kwa kuwa volti hazishuki sana mwanga unapopungua. Kinachoshuka sambamba na mwanga ni ampea. Hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, chagua ampea za DC, gusa ncha mbili za paneli kwa sekunde chache. Paneli ya wati 100 katika jua la saa sita lisilo na wingu hutoa kati ya ampea 5 na 6. (Fanya hivi kwa paneli moja tu ambayo lebo yake inasema chini ya ampea 10, na ukimaliza rudisha waya kwenye tundu la volti. Nimeshaunguza multimita mbili kwa kusahau.) Ukipata ampea 2 kwenye jua kali na kioo safi, shaka lebo.

Lebo inajaribiwa kwa futi kamba, na jaribio hili ningependa kila mnunuzi alijue kabla hajatoa pesa. Wati za lebo hupimwa maabara kwa mwanga wa wati 1,000 katika kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Paneli nzuri za sasa hubadilisha kama asilimia 20 ya mwanga huo kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita ya mraba. Pima urefu na upana. Paneli ya sentimita 60 kwa 50 ina eneo la mita ya mraba 0.3, kwa hiyo hata ikiwa bora haitazidi wati 60 na kidogo. Ikiwa imeandikwa 150, karatasi ile imechapwa na mtu jasiri. Hakuna siri ya kiwanda itakayoipa jua ambalo halikuiangukia.

Paneli nzima, kubwa, na bado hailipi

Mwaka jana niliitwa nyumba moja iliyonunua paneli ya wati 300 ili "kumaliza tatizo." Betri ya volti 12, kontrola ndogo ya bluu ya bei nafuu. Mavuno yalizidi kidogo tu yale ya paneli yao ya zamani ya 150, na walishaanza kugombana nani aliyeshauri.

Kontrola za bei nafuu, zilizoandikwa PWM, huiunganisha paneli na betri moja kwa moja kama swichi inayofunguka na kufunga haraka. Paneli inapounganishwa hivyo hulazimika kushuka hadi volti za betri. Ile ya wati 300 ilitengenezwa kufanya kazi kwenye volti 32 na ampea 9 na kitu. Betri ikiishusha hadi 13, ampea hubaki zile zile 9 na kitu, na 9.3 mara 13 ni wati 121. Wati 179 zilizobaki hazikuibwa na mtu. Hazikupata njia ya kutoka. Hata paneli halisi ya volti 12, wati 100, kwenye kontrola ya PWM hutoa kama wati 72 betri ikiwa kwenye 13.

Kontrola ya MPPT hufanya kazi nyingine: huipokea paneli kwenye volti zake za juu na kuzibadilisha kuwa ampea nyingi za volti ndogo. Bei yake ni kubwa zaidi. Kwa paneli moja ya seli 36 sishauri mtu ajibane kuinunua, lakini kwa paneli yoyote ya seli 60 au 72 kwenye betri ya volti 12, pesa ya MPPT hurudi mapema. Nyumba ile walibadilisha kontrola peke yake. Betri ilibaki, paneli ilibaki.

Joto nalo lina sehemu yake. Watu huamini jua kali la Januari ni neema tupu. Mwanga ndiyo, joto hapana: seli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Paneli iliyolazwa juu ya bati hufika nyuzi 65 bila shida, na hapo umepoteza asilimia 16. Iinue kiganja kimoja kutoka kwenye bati, upepo upite chini.

Joto hilo likiungana na waya mwembamba hutoa dalili inayochanganya hata mafundi: betri inachaji vizuri asubuhi, saa sita inaganda kwenye 13 na kitu, haifiki 14.4. Paneli ya moto haifanyi kazi tena kwenye volti 18 za lebo, iko kwenye 15.5 hivi. Ukiwa na paneli mbili zilizoungwa sambamba, ampea 11 zikipita kwenye waya wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba) wenye mita 15 kwenda na 15 kurudi, waya wenyewe unataka volti karibu 3.8. Toa 3.8 kwenye 15.5: zinabaki 11.7. Betri inahitaji 14.4. Ampea hushuka zenyewe mpaka hesabu ikubali, na betri hulala njaa nusu tumbo kila siku. Badili waya uwe wa 6, upotevu unashuka chini ya volti moja.

Kuhusu uelekeo nitasema kifupi, kwa sababu watu huupa uzito kuliko unavyostahili. Tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini. Hapa Pangani, latitudo ya nyuzi 5 na kitu kusini, jua la adhuhuri hupita upande wa kusini kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi, kisha hurudi kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na faida yake kubwa ni mvua kuosha vumbi. Aliyeilaza paneli yake upande wa mashariki kwa sababu ya paa lake asibomoe paa.

Inajaa upesi mno, na kuisha upesi mno

Sasa tuje kwa betri yenyewe, maana nayo hufa kweli. Dalili yake haifanani na zile za juu: saa nne asubuhi kontrola inasema imejaa, 14.4, kila mtu anafurahi. Jioni unawasha televisheni na taa mbili, ndani ya saa moja volti zinaporomoka hadi 11. Ghala limejaa mawe. Linaonyesha limejaa kwa sababu nafasi iliyobaki ni ndogo.

Betri ya risasi ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, karibu karne nzima kabla ya seli ya silikoni ya maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954. Kwenye ukuta wako, basi, kikongwe anafanya kazi na kijana. Ndani yake kuna bamba la risasi, bamba la oksidi ya risasi, na asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Unapotumia umeme, mabamba yote mawili hugeuka taratibu kuwa salfeti ya risasi na asidi hupungua makali. Unapochaji, kazi hurudi nyuma. Salfeti changa ni laini, hurudi kirahisi. Ukiiacha betri tupu kwa siku na wiki, salfeti hukua kuwa fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haishiki tena umeme. Kwa hiyo kinachoua betri nyingi ni njaa ya muda mrefu: ile paneli yenye kivuli niliyoieleza juu huiua betri nzima kwa mwaka mmoja au miwili, halafu mwenye nyumba ananunua mpya na kuipeleka kwenye njaa ile ile.

Jaribu hivi. Ichaji hadi ijae, ipumzike usiku, pima. Kisha washa mzigo wa wati 60 kwa dakika kumi, balbu ya taa ya gari inafaa, huku multimita ikiwa kwenye ncha. Betri nzima ya ampea-saa 100 itashuka kidogo, sehemu chache za kumi za volti, na kutulia. Ikizama moja kwa moja chini ya 11.5 na kuendelea, mabamba yamekwisha. Ikipumzika kwenye 10.5 na haipandi, seli moja kati ya sita imekufa, kwa kuwa kila seli huleta kama volti 2.1. Hiyo haina dawa ya kienyeji.

Kama ni betri ya maji, fungua vifuniko, pima kila seli kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi. Seli iliyojaa husoma 1.265 au juu kidogo. Tano zikisoma 1.25 na moja 1.12, umempata mgonjwa. Mabamba yakiwa wazi juu ya maji, ongeza maji ya betri tu, yale yasiyo na madini, hadi yafunike. Si ya mvua yaliyopita kwenye bati, si ya kisima. Na usiongeze asidi: asidi haikupotea, kilichopotea ni maji yaliyovunjika kuwa haidrojeni na oksijeni wakati wa kuchaji.

Betri ya gari kwenye sola ni kesi tofauti. Ina mabamba membamba mengi ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuitoa hadi nusu kila usiku ni kumtumia mkimbiaji wa mita mia kubebea mizigo kutoka bandarini. Itakubali, kwa muda. Vilevile betri mpya usiiunge sambamba na ya zamani ukitegemea mpya imsaidie mwenzake. Ya zamani itaishusha mpya. Na usiweke betri chini ya bati bila dari: kanuni ya mafundi inayoaminika ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya betri ya risasi kwa nusu.

Betri ina 12.4 lakini inveta inalia

Friji inataka kuwaka, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) inapiga kelele, inakata. Unakimbilia betri: 12.4. Unadhani inveta mbovu. Pima upya, lakini safari hii wakati wa tukio lenyewe, mtu mmoja akiwasha friji na wewe multimita ikiwa kwenye ncha za inveta, si za betri.

Friji ya wati 100 huomba mara tano au zaidi ya hizo kwa sekunde ya kwanza, wakati mota yake inasukuma kutoka kusimama. Tuseme wati 600. Kwenye volti 12, pamoja na upotevu wa inveta, hizo ni kama ampea 60. Waya wa 6 wa mita tatu kutoka betri hadi inveta, na tatu kurudi, utakula volti moja nzima. Betri nayo imeinama hadi 11.6 kwa mzigo huo, inveta inaona 10.6, na nyingi hukata kwenye 10.5 hivi. Fupisha waya hadi mita moja, tumia wa 25, na kilio kitakoma.

Kipimo cha kupata kiungo kibovu ni hiki, na hakuna kinachozidi urahisi wake: mzigo ukiwa unafanya kazi, weka ncha moja ya multimita kwenye risasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye kibano cha waya kilichofungwa juu yake. Sentimita mbili tu. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 0.5, huo unga mweupe unaouona pale unakula nusu volti na kugeuza umeme kuwa joto. Legeza, sugua kwa brashi ya waya, kaza, paka grisi juu.

Nimekuta pia inveta zilizofungwa kwenye tundu la mzigo la kontrola, pale penye picha ya balbu. Tundu lile ni la taa, ampea 10 au 20. Inveta huenda kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi yake njiani.

Kama inveta haikati ila feni inanguruma na redio inakwaruza, tatizo si volti. Inveta za bei ndogo hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini la gridi, na mota hupata joto zaidi kwa wimbi hilo. Taa na chaja za simu hazijali. Friji inajali.

Kila kitu kizima, hesabu ndiyo mbovu

Paneli inatoa, betri inashika, waya ni mnene, na bado saa mbili usiku giza. Chukua daftari.

Tanzania hupokea kwa kawaida kati ya kilowati-saa 4 na 7 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea mahali na msimu. Chukua 5. Paneli ya wati 100, mara 5, toa asilimia 30 ya joto, vumbi na waya: wati-saa 350 kwa siku njema. Siku ya masika unaweza kupata robo yake. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu tumia nusu, 600.

Sasa andika matumizi. Balbu nne za wati 7 kwa saa tano: 140. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa tano: 150. Jumla 290, tuko salama. Halafu kuna wale ambao hawaandikwi kamwe. King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti, kikabaki na kataa kake kekundu, kinaweza kuendelea kula wati 10: kwa saa 24 ni 240. Inveta iliyoachwa imewashwa bila mzigo wowote, wati 8 hivi: 192. Hao wawili wamekula 432, zaidi ya mavuno yote ya paneli, na hakuna aliyewaona wakila. Zima king'amuzi kwenye swichi ya ukutani na inveta kwenye kitufe chake wakati wa kulala. Mara nyingi dawa inaishia hapo, bure kabisa.

Kisha kuna joto. Chochote kinachochemsha, kunyoosha au kukaanga si mwenzake wa sola ndogo, na sababu yake ni fizikia, hakuna hila ya mtengenezaji. Kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 314, yaani wati-saa 87, hata birika liwe la aina gani. Ukijumlisha upotevu wa inveta unakaribia 100. Chai ya lita moja imechukua zaidi ya robo ya mavuno ya siku. Mashemeji wawili wakija asubuhi na jioni, umeme wa nyumba umenywewa.

Kama betri ni ya lithiamu

Usitumie vipimo vya volti nilivyotoa juu. Betri hizi, zile za fosfeti ya chuma zinazouzwa sana sasa, hukaa kwenye 13.2 hivi kuanzia karibu kujaa hadi karibu kuisha, kisha huanguka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Vijiti vya betri kwenye kioo cha inveta iliyowekwa kwa betri ya risasi havina maana yoyote kwake. Hakikisha kontrola imewekwa kwa lithiamu.

Ukipima ncha ukakuta sifuri, usiitupe. Ndani mna bodi ya ulinzi inayokata betri ikishuka mno au ikipata shoti. Seli huwa nzima nyuma yake. Ondoa mizigo yote, ichaji kwa chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha betri iliyolala. Ikikataa, au ikiwa imevimba, haifai kufunguliwa na mtu wa nyumbani.

Acha hapo ulipo

Harufu ya mayai viza chumbani ni betri ya risasi inayochajiwa kupita kiasi. Fungua madirisha, usiwashe kiberiti wala swichi yoyote, kafunike paneli kwa blanketi ili kuchaji kusimame. Haidrojeni huanza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Baadaye pima kontrola: ikiwa ilikuwa inapeleka zaidi ya 15 kwa betri isiyoruhusu, imeshindwa kufunga na inabadilishwa. Waya usioweza kuushika kwa mkono, plastiki iliyoyeyuka kwenye konekta, betri iliyotoa tumbo: hivyo ni vya fundi, na mfumo usiwashwe mpaka aje.

Ukiwa umemaliza na unarudisha kila kitu, fuata mpangilio. Betri kwenye kontrola kwanza, ili kontrola ijue iko kwenye volti ngapi, ndipo paneli, mwisho mizigo. Kufungua ni kinyume chake. Paneli ikitangulia bila betri, kontrola nyingine hukosea hesabu na nyingine huungua. Kisha acha mfumo ufanye kazi siku tatu, pima kila alfajiri, andika. Ukinipigia simu ukiwa na namba hizo tatu, nusu ya kazi tutaimaliza kabla sijavuka mto.